Kabla ya Rili Kulikuwa na Mkono

Rodi ilikuja kwa matatu, vipande vitatu ndani ya mfuko mrefu wa turubai, na ikabidi ipitishwe dirishani kwa sababu kwenye mlango haikukunjika. Mwenyewe ni beshte yangu wa maskani hapa Mishomoroni, fundi wa umeme, ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa akikesha na video za watu wa Durban na Texas wanaovua papa wakiwa wamesimama mchangani. Alikuwa amejinyima akanunua vitu viwili: rodi ya futi 14 na rili nzito, kubwa kama papai. Jioni akavitandaza barazani, akamwita ami mmoja jirani yetu, mvuvi wa mshipi aliyestaafu, aje avione.

Ami aliipakata ile rili. Akazungusha mkono wake polepole, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kitu kizuri ni kizuri. Kisha akauliza: "Sasa hii, mwanangu, utaitupia wapi?"

Beshte alidhani anachekwa. Mimi swali lile lilinikaa, kwa sababu kila nilipojaribu kulijibu nilijikuta niko mbali na Mishomoroni, mara Bradford, mara Carolina Kusini, halafu narudishwa tena kwenye mikoko ya Tudor.

Tuanze na hapa nyumbani. Mkaazi wa Mishomoroni ana bahari mbili. Ukishuka magharibi, kupitia vichochoro mpaka nyumba zinapoisha, unaikuta kriki ya Tudor: maji yaliyotulia, matope, mikoko, na siku hizi maji taka na mifuko. Ukienda mashariki, ukavuka barabara kuu ya Malindi, unafika ufuo wa Bamburi na Nyali, mchanga mweupe ule wa kwenye kalenda. Papa wanaijua bahari zote mbili. Kriki zenye mikoko kama hii ni mahali ambapo papa wadogo na taa hupata chakula na maficho kabla hawajatoka nje.

Lakini rodi ya futi 14 haikubuniwa kwa bahari yoyote kati ya hizo. Urefu ule una kazi yake. Ilitengenezwa kwa ufuo ambao mawimbi ya bahari kuu yanakuja kuvunjikia miguuni pako. Pale unahitaji fimbo ndefu ili urushe chambo na chubwi nzito kupita mistari ya mawimbi, ukifikie kina kilicho nyuma yake, na ili mshipi ukae juu, usisukwesukwe na povu. Ufuo wetu sivyo ulivyo. Mbele ya Nyali na Bamburi kuna mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na pwani, na mawimbi yanavunjikia huko nje. Ndani ya mwamba maji ni mafupi. Siku za bamvua, maji yakipwa, watu huenda kwa miguu kuokota pweza mahali ambapo saa chache kabla palielea mashua. Hata ukirusha kama bingwa wa dunia, chambo chako kitatua kwenye maji ya kiuno.

Na kuna jambo la sheria ambalo video za Texas hazikwambii. Tangu 1986 sehemu ya maji yale ni Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, na ndani ya mipaka yake hakuvuliwi kitu, si kwa rodi wala kwa mkono.

Mahali ambapo rodi ile ingejiona iko nyumbani ni mbali kidogo. Ukipita Malindi, Mto Sabaki unamwaga matope ya bara baharini, na matumbawe hayavumilii matope. Hapo mwamba unakatika. Kuanzia Mambrui kupanda Ngomeni hadi Ghuba ya Ungwana, ambako nao Mto Tana unaingia baharini, mawimbi yanafika mchangani bila kizuizi, maji ni ya tope, na papa wanaopenda midomo ya mito wana sababu ya kusogea karibu. Kwa hiyo swali la ami lilikuwa na jibu, ila jibu lenyewe linataka nauli.

Mbona basi ami alijua papa vizuri hivyo, ikiwa ufuo wetu hauwaleti miguuni?

Kwa sababu hapa papa hakufuatwa kwa kurusha. Alifuatwa kwa chombo. Wavuvi walitoka na mtumbwi au ngalawa kupitia mlango wa mwamba, wakatega jarife, ule wavu wa macho makubwa, au wakateremsha mshipi. Zamani, kabla ya nailoni, mshipi ulikuwa wa pamba iliyosokotwa, ukachemshwa na gome la mkoko ili usiozeshwe na chumvi. Mikoko ileile ya kriki, kazi nyingine. Ndoana kubwa zilifuliwa na wafua chuma, zikafungwa kwenye mnyororo mfupi au waya, maana meno ya papa hayajui pamba. Chambo kilikuwa kipande cha samaki mwenye damu na mafuta.

Halafu? Halafu kulikuwa na mkono. Papa akishika, mshipi unakimbia juu ya ukingo wa chombo na wewe unauachia ukiubana kati ya vidole vilivyofungwa vitambaa, baadaye vipande vya tyubu ya baiskeli. Ukibana sana unakatwa. Ukiachia sana anamaliza mshipi wote. Na akiwa mkubwa kweli, anaanza kuuvuta mtumbwi. Watu wengi wakisikia hivyo hudhani ni hadithi ya kutisha, kumbe ndiyo ilikuwa akili ya kazi: mtumbwi wenyewe ni breki. Papa anakokota mbao, mtu na maji mpaka anachoka. Ami alipoishika rili akausikiliza ule mlio wa breki, sidhani kama alikuwa anashangaa. Alikuwa anatambua kitu.

Papa mwenyewe hakuwa mchezo hata chembe. Nyama yake ilikatwa vipande, ikatiwa chumvi, ikaanikwa, ikawa papa mkavu wa kupikwa kwa nazi, chakula cha mtu asiye na friji wala pesa ya kingfish. Maini yalitoa sifa, mafuta yanayonuka mpaka kesho, ambayo yalipakwa kwenye mbao za majahazi ili zisiliwe na maji. Mapezi yalikwenda mbali, kwa wanunuzi wa Mashariki ya Mbali. Na papa hakutoka hapa tu. Kila Kaskazi ilipoanza, majahazi ya Oman, Hadhramaut na pwani ya Somalia yaliingia bandari ya Mji wa Kale na shehena ya papa wa chumvi pamoja na tende na mazulia. Harufu ilitangulia nanga. Mombasa ililisha watu wake kwa papa wa nchi nyingine karne nyingi kabla mtu hajafikiria kumvua kwa starehe.

Tuiache hiyo hapo, twende Uingereza.

Mwaka 1905, katika mji wa viwanda vya nguo wa Bradford, Alfred Holden Illingworth, mtu wa familia ya wenye viwanda, alisajili rili ya aina mpya. Rili nyingi zilizotangulia zilikuwa na bobini inayozunguka: mshipi ukitoka, bobini inazunguka, ikizunguka kwa kasi kuliko mshipi, mshipi unajisuka ukawa kiota cha ndege. Illingworth alikuwa ameona kiwandani jinsi uzi unavyochomoka kwenye ncha ya bobini iliyosimama tuli. Akaiga. Katika rili yake bobini haizunguki, mshipi unateleza kutoka kwenye ukingo wake, na kifaa kidogo kinauzungusha mshipi kuurudisha. Ndiyo babu wa ile papai ya beshte yangu. Waafrika Kusini mpaka leo huiita kwa jina la kinu cha kahawa, kwa jinsi mkono wake unavyosagwa.

Ilikuwa rili ya mito na samaki wadogo. Mwaka 1932 kampuni ya Hardy ilitoa Altex, yenye mkono kamili wa waya unaojifunga wenyewe na kuukamata mshipi. Mwaka huohuo kule Philadelphia kampuni ya Penn ilianzishwa, na 1936 ikaja na Senator, rili ya bobini inayozunguka, pipa la chuma hasa, kwa ajili ya samaki wakubwa. Kwa miaka zaidi ya hamsini mgawanyo ulikuwa huo: kinu cha kahawa kwa samaki wa kitoweo, pipa kwa papa.

Sababu yake ni hesabu ya kawaida. Mshipi wa nailoni unaostahimili kilo 36 hivi una unene unaokaribia milimita 1. Rili ya bobini tuli haina nafasi ya kubeba mita mia tano za kamba kama hiyo, na kamba nene ngumu haitelezi vizuri kutoka kwenye ukingo. Isitoshe, mshipi ukiingia kwenye rili ile lazima upinde kona ya mraba, na kila kona inakula nguvu. Kilichobadilisha mambo hakikutoka kwa watengeneza rili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilienea mishipi ya kusukwa kwa nyuzi za plastiki zenye nguvu ya ajabu, zile zinazouzwa kwa majina ya Dyneema na Spectra. Nguvu ileile, unene nusu. Na unene ukiwa nusu, nafasi inayoliwa ni robo, kwa hiyo rili ileile sasa inabeba mshipi mara nne. Hapo ndipo Wajapani, Shimano na Daiwa, walipoanza kutengeneza vinu vya kahawa vyenye gia na breki za kusimamisha jodari mkubwa, na Penn nao wakafuata. Rodi nazo zilishatoka kwenye mianzi kwenda faiba baada ya Vita vya Pili, kisha kaboni kuanzia miaka ya 1970.

Kwa hiyo huyu kijana wa Mishomoroni anayechagua rili ya bobini tuli kwa ajili ya papa anafanya jambo ambalo baba yake, hata angekuwa na pesa, asingeweza kulifanya.

Sasa, huku nje mashine zikikua, kulikuwa na kitu kingine kinajengwa, nacho ni daftari. Mwaka 1939 jijini New York liliundwa shirika la kimataifa la uvuvi wa mchezo, IGFA, likaweka kanuni za nani aandikwe. Samaki avuliwe kwa rodi na rili. Mtu mmoja tu aguse vifaa mpaka samaki afike kwenye waya. Ndani ya daftari hilo kuna Alf Dean wa Australia, ambaye 1959 alimvua papa mweupe wa kilo 1,208 baharini kwenye maji ya Ceduna, akammaliza kwa dakika 50 hivi. Kuna Walter Maxwell, ambaye 1964 alisimama juu ya gati la Cherry Grove, Carolina Kusini, akavua papa chui wa pauni 1,780, yaani karibu kilo 807, bila kupanda chombo chochote.

Siwanyimi sifa zao. Gati ni gati na papa wa kilo mia nane si mchezo. Lakini soma tena ile kanuni. Mshipi wa mkono haumo. Kwa hiyo kila papa aliyewahi kuvutwa kwa vidole vilivyofungwa tyubu, kuanzia Lamu mpaka Vanga, hakuvuliwa, kwa maana ya daftari. Si kwamba alikuwa mdogo. Hakukuwa na safu ya kumwandika. Pwani yetu inaingia kwenye vitabu vya uvuvi pale mgeni anapofika na rili: Ernest Hemingway alipokuja kuvua Malindi mwanzoni mwa 1934, kwa mfano, baada ya safari yake ya kuwinda. Na katika boti za kukodi zilizofuata miaka ya baadaye, Malindi, Watamu, Shimoni, vijana wa Kiswahili ndio waliotia chambo, waliosoma maji, waliomshika samaki waya akifika ubavuni. Jina linaloandikwa ni la aliyekalia kiti.

Hilo ndilo nililomweleza beshte siku iliyofuata, naye akanijibu kwa haki kabisa: "Sawa, lakini rodi nishanunua. Nifanyeje?"

Basi tukakaa na ami, tukaipima biashara nzima upya, na hapo nilijifunza kwamba kuchagua kifaa kizito si suala la ubabe.

Kwanza breki. Boksi la rili lilijisifu kwamba inabana hadi kilo 25. Ami akacheka. Jaribu kusimama mchangani ukiwa unavutwa na mfuko wa simiti nusu unaokwenda Oman. Hakuna anayezihitaji zote. Wavuvi wa mchezo wenyewe huweka breki kama robo au theluthi ya nguvu ya mshipi; kwa mshipi wa kilo 36 hiyo ni kilo 9 hadi 12, na hapo tayari unataka mkanda wa kiunoni wa kuchomekea kitako cha rodi. Faida ya breki kubwa ni kwamba ikifanya kazi chini ya uwezo wake haichemki, inateleza laini, haikwamikwami. Mshipi hukatika breki inapokwama, si inapobana. Ami alilijua hilo kwa ngozi ya vidole.

Pili, mwili wa rili. Mchanga na chumvi vinaua gia kuliko papa. Rili iliyozibwa vizuri, ya chuma badala ya plastiki, hata ikiwa ya jina lisilo kubwa, ni bora kuliko ya kifahari iliyo wazi. Ukubwa ambao maduka huuandika 14000 hadi 20000 unatosha kubeba mita mia tano za mshipi wa kusukwa, na mbele yake unafunga mita kadhaa za nailoni nene, kwa sababu ngozi ya papa ni msasa na mshipi wa kusukwa haupendi msasa. Kisha waya, kisha ndoana ya duara, ile inayoshika pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa.

Tatu, na hapa ndipo futi 14 ilipoanguka mtihani. Fimbo ndefu ni nzuri kwa kurusha, lakini papa akishashika, urefu ule unakuwa mkononi mwake. Ni mtarimbo, na wewe uko upande mfupi. Rodi fupi, futi 9 au 10, yenye mgongo mgumu, inakupa wewe nguvu na inampunguzia yeye. Tatizo ni kwamba haifiki mbali. Watu wa Texas na Florida wameshalitatua hilo: hawarushi kabisa. Wanapeleka chambo nje kwa kayaki, wanakidondosha, wanarudi ufuoni kushika rodi.

Ami alinyamaza kidogo. "Yaani," akasema, "wanatumia mtumbwi."

Ndiyo, ami. Wanatumia mtumbwi.

Kuna sababu moja zaidi ya kutaka kifaa kizito, na ndiyo iliyonifanya niandike haya yote. Papa wamepungua. Hilo si la kubishana. Waulize wazee wa ufuo wowote ni lini mara ya mwisho walimwona papa upanga. Papa anachelewa kukomaa na anazaa wachache, hawezi kwenda mwendo mmoja na nyavu. Papa nyundo, ambao wavuvi wetu huwaita pingusi, biashara yao ya kimataifa iliwekewa masharti katika mkutano wa CITES wa Bangkok mwaka 2013. Mwaka 2022, kule Panama, masharti yakawekwa kwa ukoo mzima wa papa tunaowajua zaidi sokoni. Papa mkavu wa sokoni hajapigwa marufuku, lakini pezi haliwezi tena kuvuka mpaka bila karatasi.

Mvuvi wa mchezo husema yeye anamwachia papa aende. Vizuri. Ila papa anayepigana saa mbili kwenye mshipi mwembamba anaweza kuogelea akiondoka na akafa baadaye, na pingusi ndiye dhaifu kuliko wote kwa hilo. Kifaa chepesi kinampa mvuvi hadithi ndefu na kinamwachia samaki maiti. Kifaa kizito, breki iliyopangwa, waya mfupi, koleo la kukatia ndoana likiwa mfukoni, papa asiburutwe kwenye mchanga mkavu kwa ajili ya picha: hapo pana nafasi kwamba dakika ishirini baadaye yuko hai. Mtu akitaka kuvua papa kwa rodi, nadhani huo ndio uzito anaopaswa kuununua. Na kama hawezi kuununua, avue changu.

Sijasahau kwamba kuna kejeli hapa. Mzee aliyevua papa ili watoto wale hakuwa na anasa ya kumwachia, na sasa mjukuu wa mtaani anaambiwa amwachie, kwa vifaa vinavyozidi mapato ya mvuvi wa mshipi ya miezi. Ami hakuona kejeli, au aliiona akaipita. Alisema tu kwamba enzi zake pia kuna papa waliokatiwa mshipi makusudi, wale ambao chombo kisingewabeba. Mtu alitoa kisu, akapoteza ndoana, akarudi nyumbani.

Rodi ya futi 14 imeuzwa kwa jamaa wa Mambrui, ambaye ufuo wake unaitaka. Rili imebaki. Beshte anatafuta rodi fupi, na leseni, na siku ya kwenda Ngomeni maji yatakapokuwa mazuri, Kaskazi itakapotulia. Wiki iliyopita nilimkuta barazani akiwa na ami, mshipi mpya wa kusukwa umetandazwa kutoka mlango mmoja wa nyumba hadi wa pili, ami ameubana kati ya kidole gumba na cha shahada, na beshte anazungusha mkono wa rili polepole, akiambiwa lini akaze na lini alegeze.